Sikio la Baraza



Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, Bayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Mwami Msiri, aliyepigwa risasi siku kama hiyo mwaka 1891. Masimulizi ya siku ile tunayajua sote, hata sisi tusio Bayeke: Kapteni Stairs na msafara wake uliotoka pwani ya Zanzibar kwa ajili ya mfalme Léopold II, Kapteni Bodson aliyemfyatulia Mwami bastola, kisha naye akafa kwa risasi ya watu wa Mwami, na kichwa cha marehemu, ambacho hadi leo wazee wanaulizana kilikopelekwa. Katika masimulizi hayo hupita pia jina la mwanamke mmoja, Maria de Fonseca, mmoja wa wake wa Msiri. Hupita upesi. Husemwa kwamba alimsaliti mumewe, kwamba aliuawa kwa kosa hilo, kisha msimulizi huendelea na habari za wanaume.

Sisi tunaona kwamba pale pasipitwe upesi hivyo. Neno «msaliti» limewekwa juu ya mwanamke yule kwa muda wa zaidi ya miaka 130, nasi tunalipokezana kama sarafu iliyochakaa ambayo hakuna tena anayeitazama. Lilitoka kinywani mwa nani? Na ni nani aliyelipokea, akaliona latosha kumwua mtu?

Ili kuelewa jinsi neno la namna hiyo linavyozaliwa, yafaa twende kwanza mbali kidogo, kwenye nyumba ya kifalme ambamo watu waliandika karibu kila kitu walichokisikia. Mwaka 1682 Louis XIV wa Ufaransa alihamishia makao yake Versailles, akawavuta masharifu wa ufalme waishi karibu naye. Tangu siku hiyo, mtu mkubwa hakupimwa tena kwa mashamba yake wala kwa vita alivyopigana. Alipimwa kwa umbali uliokuwapo kati yake na mfalme. Nani aliruhusiwa kuingia mfalme alipoamka? Nani alikabidhiwa kinara cha mshumaa mfalme alipokwenda kulala? Mambo hayo yanatuchekesha leo, lakini kwa waliokuwa mle ndani yalikuwa ndiyo mkate: posho, cheo cha jeshi, uaskofu kwa mtoto wa pili, mume kwa binti. Yote yalipita katika mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa sikio la mtu mmoja.

Mahali pa namna hiyo, kujua jambo la mwenzako ni mali. Kulijua kabla ya wengine ni mali kubwa zaidi. Mtawala mdogo wa Saint-Simon aliishi mle miaka mingi, akaandika kwa siri kumbukumbu zinazojaza mabuku mengi, nazo zimejaa nani alimtazama nani na nani hakuamkiwa. Katika karne ya 18, chini ya Louis XV, kulikuwa na ofisi ya siri iliyofungua barua za watu na kunakili vifungu ili mfalme aletewe. Vingine vilihusu usalama wa ufalme. Vingine vilikuwa mapenzi na aibu za watu tu, na mfalme alivifurahia. Msomaji atatusamehe tukikaa kidogo juu ya jambo hili, maana tutalirudia: masengenyo ya Versailles hayakuwa uvivu wa watu wasio na kazi. Yalikuwa na mnunuzi, na mnunuzi alikaa juu kabisa.

Katika nyumba hiyo aliingia, mwaka 1770, binti wa miaka 14 kutoka Vienna, Marie-Antoinette, aolewe na mrithi wa ufalme. Mgeni ni kuku mweupe, wasema wazee wa Kiswahili. Haonekani tu, huonekana peke yake. Miaka minane ilipita kabla hajazaa mtoto, na kila mwaka wa hiyo minane ulizaa maneno. Alipowapenda rafiki wachache, kama Princesse de Lamballe na Duchesse de Polignac, na kuwafungulia mlango, waliobaki nje ya mlango walitunga nyimbo. Hili ndilo watu wengi hawalijui: nyimbo chafu zilizokuja kuimbwa katika mitaa ya Paris zilianza kwanza katika vibaraza vya jumba lenyewe, vinywani mwa masharifu waliokosa nafasi. Mwenye njaa wa Paris alizipokea zikiwa zimekwisha pikwa.

Kisha likaja jambo la mkufu. Kardinali Louis de Rohan, askofu wa Strasbourg na mkuu wa makasisi wa jumba la mfalme, alikuwa amenyimwa uso na malkia kwa sababu ya maneno aliyowahi kuyasema, alipokuwa balozi Vienna, juu ya mama yake. Alitamani mno kurudishiwa upendeleo. Mwanamke mmoja mjanja, Jeanne de La Motte, alimwambia kwamba yeye ni msiri wa malkia na kwamba njia iko wazi. Usiku mmoja wa Agosti 1784, katika bustani ya Versailles, alimkutanisha na msichana wa mjini aliyevishwa kama malkia, Kardinali akaamini. Mwanzoni mwa 1785 akachukua kwa wenye duka la vito, kwa jina la malkia, mkufu wa almasi 647 wenye bei ya livre 1,600,000, akaukabidhi, nao ukavunjwa na kuuzwa vipande vipande. Sahihi ya malkia katika karatasi za ununuzi ilikuwa «Marie-Antoinette de France». Malkia wa Ufaransa walikuwa wakitia sahihi kwa majina yao ya ubatizo peke yake, na mtu aliyelelewa katika jumba kama Kardinali alipaswa kulijua hilo kuliko wote. Hakuliona, kwa kuwa alikuwa amekwisha amini.

Alikamatwa tarehe 15 Agosti 1785, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, akiwa amevaa mavazi ya Misa, mbele ya jumba zima. Tarehe 31 Mei 1786 mahakama kuu ya Paris ikamwachilia, na watu wakamshangilia barabarani. Je, hukumu hiyo ilimwangukia nani? Ilimwangukia malkia, ambaye hakuujua mpango ule, hakuuagiza mkufu, wala hakuugusa. Watu walisema: ikiwa Kardinali aliweza kuamini kwamba malkia hukutana na wanaume bustanini usiku, basi ni malkia wa kuaminiwa hivyo. Miaka 15 ya minong'ono ilikuwa imetayarisha hukumu kabla ya kesi.

Oktoba 1793, mbele ya Mahakama ya Mapinduzi, minong'ono ile ikawa vifungu vya mashtaka. Walifika hata kumshtaki kwamba alimharibu mwanawe mwenyewe, mtoto wa miaka minane. Naye, ambaye alikuwa amenyamaza mbele ya tuhuma hiyo, aliposhurutishwa kujibu aliwageukia akina mama waliokuwamo ukumbini. Tarehe 16 Oktoba alikatwa kichwa.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia habari ya mwana-kondoo, na hiyo si kweli. Mwaka 1792 Marie-Antoinette aliandika barua za siri kwa upande wa Austria, akafichua mipango ya majeshi ya Ufaransa. Kosa lilikuwapo, zito, tena la kweli. Lakini barua hizo hazikuwa mikononi mwa waliomhukumu. Wao walimhukumu kwa kile ambacho kila mtu «alikijua». Hapa ndipo tunapoona ubaya wa masengenyo kwa ukamilifu wake: humwangamiza asiye na hatia, na hata anayestahili kujibu humwulizia jambo jingine. Mahakama ilikuwa na mshtakiwa mwenye kosa, nayo ikamwuliza kuhusu karamu, mapenzi na mwanawe.

Mtu asidhani kwamba haya ni tabia ya Wazungu peke yao, wala kwamba karne ile ya 18 ilikuwa tupu upande wetu. Mwaka 1798, miaka mitano tu baada ya kifo cha Marie-Antoinette, msafara wa Wareno kutoka Tete ulifika kwa Mwata Kazembe, kwenye bonde la Luapula, jirani zetu wa damu na wa biashara. Kiongozi wake, Lacerda, mtaalamu wa hesabu, alikufa Oktoba ileile. Uongozi ukamwangukia Padri Francisco João Pinto, ambaye shajara yake ni kilio kirefu kuhusu maofisa wake wenyewe waliochongeana, waliogawanyika, na waliopeleka maneno huku na huku, huku Mwata akiwazuia wasipite kwenda Angola. Kundi dogo la wageni wenye hofu, mlango mmoja wa kutokea, na mtawala mmoja anayeushika: vikikutana vitu hivyo, masengenyo huota kama majani baada ya mvua, iwe Versailles au Luapula.

Bunkeya nayo ilikuwa na mlango mmoja. Msiri, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa, alitoka Unyamwezi kufuata biashara ya baba yake, akajijengea ufalme wa shaba, pembe na watumwa. Alioa wake wengi, waliohesabiwa kwa mamia, na ndoa zile zilikuwa siasa: kila mke alikuwa uzi uliofunga nchi fulani, au njia fulani ya biashara, na kiti cha Mwami. Ni wazi kwamba uzi huo ulipitisha pia habari. Frederick Arnot, mmisionari Mprotestanti aliyefika mwaka 1886, alingojeshwa nje kwanza huku waganga wakiuchunguza moyo wake kama ni mweupe kama ngozi yake. Tukiitazama vizuri, hiyo nayo ilikuwa idara ya upelelezi, tena yenye adabu kuliko ile ya Louis XV iliyofungua barua za watu.

Maria de Fonseca alikuwa mwenye damu ya Kireno na ya Kiafrika, kutoka upande wa Angola. Ndoa yake ilikuwa uzi wa magharibi, ile njia ya Bihé na Benguela iliyoleta bunduki na baruti. Wageni walimtaja kuwa mke mpendwa, mwenye nafasi ya pekee. Basi alikuwa na yale mambo mawili ambayo Versailles imetuonyesha hatari yake: alikuwa karibu sana na sikio la mfalme, na alikuwa mgeni.

Stairs alifika Bunkeya katikati ya Desemba 1891. Mmoja wa wenzake, Marquis de Bonchamps, alitoa shauri kwamba Mwami akamatwe usiku anapokwenda kwa Maria, maana huko alikwenda karibu bila walinzi. Stairs alilikataa shauri hilo. Msiri hakukamatwa nyumbani kwa Maria, wala hakuuawa huko. Aliuawa mchana, katika kijiji cha Munema, akiwa amezungukwa na watu wake wenye silaha. Kwa hiyo usaliti unaosemwa, hata kama kinywa fulani kilipeleka habari za usiku za Mwami kwa wageni, haukuzaa kifo kile. Na kinywa hicho kilikuwa cha nani? Mjini penye wake mamia, watumwa, walinzi, wafanyabiashara na wachukuzi wa Zanzibar waliosikilizana na wenyeji kwa Kiswahili, mazoea ya Mwami hayakuwa siri ya mtu mmoja.

Baada ya kifo ikaja njaa. Mji ulitawanyika, chakula kikakosekana, na watu wengi wakafa, wa msafara na wa nchi. Mukanda Bantu, mrithi, alipokea ufalme uliokatwa vipande, na alipaswa kuushika kwa idhini ya walewale waliomwua mtangulizi wake. Hatumhukumu. Mtu aliyekaa kiti kile Januari 1892 hakuwa na njia nyingi. Lakini tunalazimika kuyaweka mambo mawili pamoja: waliomwua Msiri walikuwapo pale, wanajulikana kwa majina, na hapakuwa na nguvu ya kuwashtaki; Maria naye alikuwapo, na hapakuwa na mtu wa kumtetea. Masimulizi yanasema aliuawa kwa amri ya mrithi kwa kuwa alimsaliti mumewe. Katika yale tuliyosoma, kosa limetajwa na adhabu imetajwa. Neno lake mwenyewe halimo.

Wengine watatuambia: mnong'ono ni silaha ya mnyonge. Hoja hiyo si nyepesi. Wazazi wetu walioishi chini ya Mobutu wanakumbuka kwamba redio ya serikali ilisema moja na radio trottoir ilisema jingine, na mara nyingi ya pili ndiyo iliyosema kweli. Pale ambapo kusema waziwazi ni kujitia gerezani, neno lipitalo sikio kwa sikio huweza kuwa huduma. Hatutaki kuiondoa huduma hiyo mikononi mwa watu. Ila tunaomba mwelekeo uangaliwe. Mnong'ono wa mchukuzi juu ya bwana wake hupanda mlima. Ukifika juu, bwana ana walinzi, ana sauti, anaweza kujibu. Mnong'ono wa wakubwa wa baraza juu ya mke mgeni hushuka, na chini hakuna anayeudaka kabla haujamwangukia. Kuviita vyote viwili «maneno ya watu» ni kukataa kuona.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika Utangulizi wake wa Maisha ya Uchaji wa mwaka 1609, kitabu kilichokua kutokana na barua alizomwandikia bibi mmoja aliyewahi kuishi katika jumba la mtawala, hakumshughulikia msemaji peke yake alipofika kwenye masengenyo. Alimtia msikilizaji katika kosa lilelile. Alijua mazingira ya wasomaji wake. Sisi tungethubutu kwenda hatua moja mbele, na kusema kwamba katika jumba la mfalme, na kila mahali palipojengwa kwa mfano wake, msikilizaji mwenye madaraka ana kosa kubwa kuliko msemaji. Mchongezi hana uwezo wa kumwua mtu. Yeye huleta bidhaa, na anayeinunua ndiye mwenye panga.

Na mahali palipojengwa kwa mfano huo tunapo hapa hapa Lubumbashi, kwa wingi. Ofisi ambamo kazi hutegemea kupendwa na mkuu mmoja. Familia ambamo mwenye mshahara ni mmoja na wengine kumi wanamzunguka. Vyama vyetu vya walei pia, tusijifiche: kiongozi anayependa kutembelewa jioni na watu wenye habari za wenzao huwa amekwisha fungua ofisi ile ya kufungua barua, hata kama haiitwi hivyo. Tumewaona wajane, Katuba na Ruashi, wakitolewa kwenye lupango walilolijenga pamoja na marehemu, kwa neno lililoanza matangani na kuishia katika baraza la ukoo: «ni yeye aliyemla mumewe». Tumewaona watoto wakilala barabarani kwa sababu shangazi alisema ni wachawi, na baba akasikia, akanyamaza. Katika mambo hayo yote mzushi alitafutwa na kulaumiwa, pengine baada ya miaka. Baba aliyesikia na mkubwa wa ukoo aliyetikisa kichwa hawakuulizwa kitu.

Ndiyo sababu habari ya Maria si jambo la makumbusho kwetu. Jinsi tunavyomsimulia yeye ndivyo tunavyojizoeza kuwasikia hawa wengine. Kila tunaposema «Maria msaliti» tukiwa tumekaa, tukinywa, bila shahidi wala swali, tunakaa katika baraza lile kama wajumbe wake, na tunapiga kura.

Wapo kati yetu watakaokwenda Bunkeya Desemba hii. Tunawaomba, wakisha kutoa heshima zao kwa Mwami na kwa wazee inavyostahili, wakae na wazee hao kwa subira, wasianze kwa kuuliza kama Maria alimsaliti mumewe, kwa maana jibu la swali hilo tumekwisha lisikia. Wawaulize nani aliyempelekea Mukanda Bantu neno lile, alilipeleka siku gani, na kama Maria aliitwa. Watakayoyasikia watuletee, tutayasoma pamoja.